Kwako Mama Chola, Popote Walipokupeleka

Mama Chola, mama yangu wa kule ndani,

Sijui jina la kijiji walichokupeleka, na hata kama ningelijua, najua wewe husomi. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Kama kuna mutu kando ya muto Luapula, au mahali pengine popote, anayekaa na mama muzee mwembamba anayeimba akifua nguo, na anayejua Kiswahili kidogo cha kuuza chumvi, naomba akusomee. Asome polepole, na akae upande wa kulia, juu sikio lako la kushoto halisikii vizuri.

Nakuandikia juu ya haya, ile aibu ya kuonwa na watu. Hapa kijijini Kabuta kila mutu ana kitu anachonijulia. Nikipita na beseni la samaki, wanawake wanaoanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wananyamaza kidogo, kisha wanaongea tena kwa sauti ya chini. Wewe peke yako uliniona nikiwa mugonjwa kabisa na hukushangaa. Ndiyo maana haya yangu nakuletea wewe.

Unakumbuka siku waliponiingiza hospitali? Mimi nakumbuka vipande tu. Nakumbuka safari ndefu ndani ya gari, kitenge kimefungwa kwenye mikono yangu, na bwana wangu ananishikia kikombe cha maji nisichotaka. Nakumbuka geti, kisha chumba kirefu chenye vitanda, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nilikuwa nasema bila kunyamaza. Nilisema Daudi wangu ameachwa kwenye mitumbwi, nilisema mutoto hajakula, waende kumuchukua kabla jua halijatua. Manesi walikuwa wenyeji wa kusini, hawakujua lugha yangu hata neno. Bwana wangu alikuwa amekwisha kurudi kutafuta gari la kwenda kwetu. Basi ile sauti yangu ikapita kwao kama kelele za ugonjwa. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Mutu akipiga kelele usiku na muchana kwa maneno ambayo hujawahi kuyasikia, utasema nini? Walinipa dawa, wakangoja.

Wewe, mugonjwa kama mimi, ulikuwa unapiga deki. Ulisimama na kile kitambaa mukononi, ukanisikiliza kwa sikio lako zuri, kisha ukacheka. Nesi kijana alikuuliza kwa Kibemba unacheka nini. Ukamwambia hivi, na baadaye ulinirudilia maneno yako mara nyingi kwa sababu nilipenda kuyasikia:

“Huyu haongei bure. Anaongea Kiswahili. Anauliza kama mutoto wake amekula.”

Yule nesi aliweka kando kile alichoshika, akavuta kiti, akakuomba uniulize mutoto yuko wapi. Ukaniuliza. Nikakuangalia. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu usingizi uliponiacha, kusikia sauti inayotoka nje ya kichwa changu na yenye maana.

Kiswahili chako, Mama Chola, kilikuwa cha biashara tu. Ulikiokota ukiwa musichana, ulipokuwa unavuka na mama yako kwenda kuuza chumvi na mihogo upande wa Kongo, pale Kasenga. Ulijua bei gani, punguza, ongeza, chukua, kesho. Ulijua kuhesabu, na ulijua matusi mazuri. Lakini hukuwa na neno la faraja katika lugha hiyo, kwa hiyo ulinifariji kwa maneno ya soko. Sauti zilipokuwa zinanipigia kelele, ulikuwa unakuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kusema, “Leo hakuna faida, mama. Funga duka. Lala. Kesho utauza.” Na mimi, mwanamuke niliyeuza samaki tangu nilipokuwa na akili, nilikuwa nafunga duka. Nililala.

Kuna jambo sikukuambia. Kila asubuhi walikuwa wanatupeleka kuoga pamoja, tumevua nguo zote, kwenye bomba la uani. Wewe ulikuwa unasimama mbele yangu umekunjua kitenge chako kwa mikono miwili, umekitandaza kama pazia, hadi nimalize. Wewe mwenyewe ulikuwa unaoga bila pazia. Siku moja nilitaka kukushikia na mimi, ukanisukuma, ukasema mwili wako umezeeka na haya imechoka nao. Tulicheka wote wawili. Lakini niliona, ulipogeukia ukuta, jinsi ulivyokuwa unajikunja. Haikuwa imechoka.

Nilikueleza habari yangu mara moja tu, tukiwa tunachambua maharagwe jikoni. Leo nairudilia hapa kwa sababu wengine watakaosoma hawaijui, na kwa sababu nimejaribu kuizunguka na nimeshindwa.

Tulipovuka ziwa kukimbia vita, na tulipotoka Kenani, kambi ya wakimbizi walipotupokea, bwana wangu na mimi tulikuja Kabuta kwa sababu baba yake alikuwa ametangulia hapa na alikuwa na baiskeli. Baba mukwe wangu alikuwa anapakia samaki kwenye baiskeli, anapeleka ndani vijijini. Mimi nilikuwa nauza sokoni Nchelenge. Tuliishi vizuri. Alikuwa ananipenda kwa ile namna ya baba mukwe, yaani bila kuniangalia usoni, bila kukaa na mimi kwenye mukeka mumoja, akiniachia samaki mukubwa mulangoni na kukohoa ili nijue. Kisha usingizi ukaniacha, na baada yake zikaja sauti. Siku ile sokoni Nchelenge, sauti iliniambia kwamba kitenge nilichovaa ni cha mutu aliyekufa vitani na kwamba kinaniunguza. Nilikisikia kinaunguza kweli. Nikakivua. Nikavua na kilicho chini yake. Nikavua vyote, katikati ya watu wanaopima samaki, muchana, jua likiwa juu.

Baba mukwe wangu alikuwa pale na baiskeli yake imejaa muzigo.

Mama Chola, wewe unazijua desturi zetu kwa kuwa za kwenu ni zile zile. Mwanaume yule hata mukono wangu hajawahi kuugusa. Hakuweza kuja kunifunika. Hakuweza kuita jina langu. Aliiachia baiskeli ikaanguka na samaki wote, akageuka, akaondoka anatembea kama kipofu. Mama mumoja Muzambia, mwuza mihogo, ndiye aliyenizungushia gunia. Vijana walikuwa wanacheka, na mumoja alikuwa ameinua simu. Daudi wangu aliisikia habari shuleni kabla hajaisikia nyumbani.

Nilipomaliza kukuambia, hukusema si kitu. Ningekuchukia ungesema si kitu. Uliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, kisha ukaniambia kwamba wewe ulichoma ghala ya kaka yako, yenye chakula cha muaka muzima, na kwamba watoto wake walilala njaa. Kaka yako alikuleta pale, akaandikisha jina la kijiji ambacho hakipo, na hakurudi tena. Ulikuwa hujawahi kumulaumu. Ulisema tu, “Tuko sawa, mama,” ukanisogezea maharagwe yako nimalizie, kwa sababu macho yako yalikuwa yamejaa maji.

Kisha ikaja ile siku ya mukutano uani. Muganga mukubwa alisimama kivulini akaeleza kwamba mambo yanabadilika. Hospitali si mahali pa kuishi, alisema. Waliotulia watarudi kwao, dawa watazipata kwenye kliniki ya karibu na nyumbani, na manesi watawafuata huko huko, kati ya jamaa zao. Alisema kwa upole, na nadhani alikuwa anaamini kila neno. Wengine walipiga makofi. Yule binti wa kitanda cha dirishani alianza kucheza. Mimi nilikutafuta kwa macho, sikukuona. Nilikukuta kwenye bomba unafua nguo ambazo ulikuwa umezifua jana yake.

“Nyumbani njo wapi?” uliniuliza.

Nilichukua upande mumoja wa shuka tukaikamua pamoja. Na mimi nilikuwa na hofu yangu, na nilikuwa naona haya kuitaja mbele yako, wewe usiye na mutu, mimi niliye na bwana na mutoto wanaoningoja. Hofu yangu ilikuwa hii: mule ndani nilikuwa mugonjwa kati ya wagonjwa. Hakuna aliyejua baba mukwe wangu ni nani. Ukuta ule niliouchukia ulikuwa umenificha. Sasa wananirudisha mahali ambapo kila jicho liliniona.

Tulisafiri gari moja hadi Mansa. Uliimba njia nzima, kwa sauti ndogo, hukuangalia nje. Pale Mansa mupwa wako, ambaye manesi walimutafuta hadi wakamupata, alikuwa anangoja na baiskeli, kijana ambaye alizaliwa wewe ukiwa ndani tayari. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Gari lilisimama. Dereva alishuka, mimi nikashuka kunyoosha miguu. Wewe ulibaki umekaa, muzigo wako mapajani, unaangalia mbele. Tulidhani hutaki kushuka. Mupwa wako alianza kusikitika. Nikarudi kwenye dirisha, nikaona uso wako, nikaelewa. Ulikuwa unangoja mutu akufungulie mulango. Miaka yote ile hakuna mulango uliokuwa umeufungua kwa mukono wako. Mulango wa gari haukuwa umefungwa, Mama Chola. Nilinyoosha mukono nikaufungua, nikakushika kiwiko ukashuka, na ulinitazama kwa haya ambayo sijawahi kuiona kwako hata pale bombani. Hatukuagana vizuri. Ulipanda nyuma ya baiskeli, na yule kijana akaisukuma polepole, hakuiendesha, ili usiogope.

Naufikiria ule mulango kila siku.

Nami nilifika kwangu. Bwana wangu alinipokea kama mutu anayebeba mayai. Daudi alikuwa amekuwa murefu, akanisalimia kwa heshima kama mugeni. Jioni nilipika bukari, ugali wetu, mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa, ikawa na mabonge, na wote wawili wakala wakaumaliza. Baba mukwe hakuja. Nyumba yake na yetu zinaonana. Alikuwa na njia yake ya zamani ya kwenda ziwani, inapita mbele ya mulango wetu. Tangu niliporudi aliiacha, akafungua njia mupya kwenye matete, ya kuzunguka, yenye matope. Muzee wa umri ule, na baiskeli, kwenye matope, ili asinione. Nilikuwa nasikia kengele ya baiskeli yake huko kwenye matete, nikawa naingia ndani.

Kliniki yetu ina baraza mbele, na kwenye baraza kuna benchi, na mbele ya benchi ndiyo njia ya kwenda ziwani. Siku ya dawa zetu ni siku ile ile ya mama wenye watoto wachanga. Mara ya kwanza nilienda, nimejifunika hadi machoni. Nikaona benchi, nikaona wanawake ninaouza nao wamesimama na watoto wao, nikapita moja kwa moja kama mutu anayekwenda kuchota maji. Nikarudi nyumbani kwa njia nyingine. Nilimwambia bwana wangu dawa nimepewa. Baada ya muda usingizi ukaanza tena kuniaga. Bwana wangu aliniona nimekaa kitandani macho wazi, hakugomba. Alikwenda mwenyewe kliniki.

Ndipo nesi akaja nyumbani. Jina lake Mwamba, mwanaume mupole mwenye meno yaliyoachana, anapanda pikipiki. Alikuja kwa wema wote, na aliponiletea dawa mulangoni nilitamani ardhi ipasuke. Kabuta nzima inaijua ile pikipiki. Watoto waliikimbilia, wakaizunguka, wakauliza nani anaumwa. Nilimwomba asirudi. Alikaa kwenye kigogo, akafikiri, akaniuliza ni wapi mutu anaweza kusimama na mimi bila kuulizwa. Nikamwambia: kwenye samaki. Basi tangu siku ile akawa anakuja pale ninapoanika chisense, anasimama kama munuzi, anaomba kipimo, anaulizia bei, na dawa zangu anazitia chini ya mufuko wake anaponipa nimujazie. Maskini alilazimika kununua kweli, kwa sababu watu wanaangalia. Mara moja alininong'oneza kwamba nyumbani kwake hawataki tena kusikia harufu ya chisense. Tulicheka, nikakukumbuka, juu kucheka namna ile nilikuwa sijacheka tangu pale bombani.

Hivyo niliishi. Nilikuwa muzima, nimejificha. Nilidhani nitaendelea hivyo hadi mwisho.

Kisha Mado akajifungua. Mado ni mutoto wa mwisho wa baba mukwe wangu, wifi yangu, binti wa kucheka ovyo, anayesuka nywele za wote. Alipata mutoto wa kike, na furaha ilikuwa kubwa. Lakini siku chache baadaye tulisikia usiku halali, kisha tukasikia hataki kumunyonyesha mutoto kwa sababu anasema si wake, wamemubadilisha. Niliposikia kwamba usiku halali, niliujua ugonjwa wangu. Ningesema kwa mudomo gani? Walimupeleka kwenye nyumba ya maombi iliyo juu ya kilima.

Asubuhi moja nilikuwa ninaosha vyombo, bwana wangu yuko ziwani. Nikasikia mutu anakohoa nyuma ya nyumba. Ulikuwa ule mukohozi wa zamani, wa samaki aliyeachwa mulangoni. Nikasimama na sufuria mukononi.

“Mama Daudi,” ilisema sauti ya baba mukwe, “niko huku nyuma. Usitoke.”

Nilisema, “Ndiyo, baba.” Nilikuwa sijamwita baba tangu siku ile.

Kupitia nafasi ya matofali niliona mugongo wake. Alikuwa amesimama ameupa ukuta mugongo, anaongea na ziwa.

“Mado amekamatwa na ile ile,” alisema. “Wamemufunga kamba. Wanasema tumupeleke kule mbali walipokupeleka weye. Mutoto atanyonya nani? Mimi sina akili tena. Weye ulipona namna gani?”

Mama Chola, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya yule muzee, ya kunifukuza na ya kunilaani. Hilo sikulitazamia. Nikamwambia tu kwamba atangulie, nitafuata nyuma. Alienda, na hakupita kwenye matete.

Kule kilimani Mado alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya nyavu. Nisiseme uongo, muchungaji hakuwa mutu mubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, alikuwa amekesha na yule binti. Alisema alimufunga kwa sababu alikimbilia ziwani, na hakuwa na njia nyingine ya kumubakisha hai. Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka wanaimba, wale wale ninaouza nao. Mutoto alikuwa kwa bibi yake, mama yake Mado, analia hadi sauti imekatika. Mado alikuwa anaongea bila kunyamaza, na kitenge chake kilikuwa kimeteremka, na hakuna aliyekiinua.

Nilikwenda nikakiinua. Nikamufunga vizuri kifuani. Kisha nikageuka, na wote walikuwa wananiangalia, na baba mukwe alikuwa mulangoni anaangalia chini.

Nimewaza sana nikuambie kwamba nilisema kwa ujasiri. Haikuwa hivyo. Mikono yangu ilikuwa inavuta kitenge changu kiunoni, inavuta na kuvuta, ingawa kilikuwa kimekaza. Nilisema, “Mimi ndiye yule muliyemuona sokoni. Wote muliniona. Huu ni ugonjwa, una dawa, na dawa iko hapa hapa Kabuta. Mimi naimeza kila siku. Yule nesi anayenunua samaki kwangu, hanunui samaki.”

Mutu mumoja alicheka, kisha mwingine, si kwa ubaya. Nafikiri walikuwa wanajiuliza siku nyingi juu ya hamu ya yule mwanaume. Muchungaji aliniuliza, Mado akitoroka je. Nikasema nitamushika mimi, nitalala naye kitanda kimoja, na yeye aendelee kumuombea, maombi hayakatazwi, ila kamba itoke. Alimuangalia baba yake Mado. Muzee alitikisa kichwa kukubali. Muchungaji mwenyewe ndiye aliyepiga magoti kufungua mafundo, na yalikuwa magumu, alitumia meno.

Ilikuwa siku ya kliniki. Jua lilikuwa kali. Baba mukwe alimukalisha Mado kwenye baiskeli, mahali pa muzigo wa samaki, akasukuma, na mimi nikawa natembea nyuma nimemushika mugongo, na bibi nyuma yangu na mutoto. Tulipita katikati ya Kabuta. Mado alikuwa anawaita watu kwa majina na kuwaambia wamemuibia mutoto. Watu walitoka nje. Nyavu zikaachwa chini. Kila niliyemujua alikuwa njiani, na sikuwa na cha kujifunika, juu mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mugongo wa Mado.

Tukakaa kwenye lile benchi. Nilimukumbatia Mado asisimame. Alinipiga kofi, nikabaki nimemukumbatia. Nesi Mwamba alitoka ndani, akaniona, akasita. Nilijua anangoja aone kama leo tunajuana au hatujuani.

Nikamwambia, “Leo sikuja na samaki.”

Alikuja akachuchumaa mbele yetu, akaniita kwa jina langu, kwa sauti ya kawaida.

Mado alichomwa sindano, akalala pale pale, kichwa mapajani mwangu. Nililala naye nyumbani kwa baba yake hadi alipotulia. Nesi alikuwa anakuja na pikipiki yake muchana, anaiegesha mulangoni, na bibi alikuwa anamuketisha na kumupa maji. Ilichukua muda. Kuna siku alikuwa anamukubali mutoto na siku nyingine anamusukuma. Nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa kitanda chake namwambia yale maneno yako ya soko, na mara ya kwanza alipotabasamu ilikuwa kwa sababu ya hayo. Leo ananyonyesha. Anasuka tena, ingawa anachoka haraka. Bado kuna asubuhi anazoamka na uso uliofungwa, na mimi naenda kukaa naye tu.

Usidhani haya imeniacha. Watu wanapenda habari inayoishia kwa mutu kuinua kichwa. Mimi nikisikia kicheko nyuma yangu sokoni, mukono wangu bado unakwenda kiunoni kuangalia kama nimevaa. Daudi bado hataki niende shuleni kwake, na simulazimishi. Sasa wanakuja watu nyuma ya nyumba yangu, wanakohoa, wananong'ona kwamba wana ndugu, wana muke, wana mutoto aliyefungiwa ndani. Ninaenda nao. Na kila mara, kabla ya kutoka, nakaa kidogo kwenye giza la chumba kwa sababu najua kwamba kile wanachokuja kukiomba kwangu ndicho kile ambacho ningetoa chochote kisiwe changu.

Baba mukwe amerudi kwenye njia yake ya mbele. Hanitazami, na haitakiwi anitazame. Kila asubuhi anageuza uso ziwani na kusema, “Mama Daudi, mumelala?” Ninajibu tumelala, baba. Ni hayo tu. Bwana wangu alinikuta siku moja nalia juu ya hayo tu, akafikiri nimegombezwa.

Lakini wewe nani anakaa na wewe? Hilo ndilo linaloniuma. Mimi walinirudisha kwa watu wanaonijua sana. Wewe walikurudisha kwa watu wasiokujua kabisa. Nesi Mwamba akienda kwenye mikutano Mansa anaulizia kwa manesi wa kliniki nyingine kama wana mama muzee wa jina hili, na akina Mama Chola ni wengi mno katika bonde lile. Ananiambia kuna kliniki ambazo dawa zinakatika, na wagonjwa wanakaa bila kitu hadi gari lije. Nikisikia hivyo nakuona umekaa mahali, muzigo mapajani, unangoja. Naomba yule kijana awe bado na moyo wa kusukuma baiskeli polepole. Naomba kuwe na mutu wa kukutandazia kitenge ukioga.

Nami nina chumba. Daudi analala sebuleni sasa, alitaka mwenyewe. Kama hauko vizuri huko, njoo. Kama uko vizuri, njoo unisalimie, unicheke, urudi. Panda basi dogo la Nchelenge, kisha uulizie magari ya Kabuta, shuka pale penye mitumbwi. Usiulize kwa Feza, akina Feza kutoka Kongo tuko wengi. Uliza kwa Mama Wazimu. Ndivyo wanavyoniita, wengine kwa dharau, wengine kwa mazoea tu, na watoto kwa sababu wanadhani ni jina langu la kweli. Kila mutu atakuonyesha nyumba. Usiwagombeze, Mama Chola. Watakuonyesha vizuri, na utafika.

Lala salama huko uliko,

mudogo wako wa kitanda cha pili,
Feza